Upepeo wa Hariri na Maneno ya Mthamini

Istilahi ya kitu kigeni yafaa ipimwe mbali na pwani. Sisi hupenda kuipimia Mishamo, katika Mkoa wa Katavi: makazi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa watu walioikimbia Burundi mwaka 1972, waliokuja na Kirundi chao na watoto wao wakasomeshwa kwa Kiswahili. Neno lisilojieleza huko lahitaji mwalimu.

Tuchukue upepeo wa kale wa Kichina, wa hariri, wenye picha ya bibi mwenye madaha. Kiswahili hakina upungufu wa majina ya chombo cha kupungia hewa. Panka limetoka Kihindi. Pangaboi limetokana na panka hilo pamoja na mtumishi aliyelivuta kwa kamba. Feni ni la Kiingereza. Upepeo, ambao wingi wake ni pepeo, umetokana na kitenzi chetu pepea, nao ule wa ukindu ungali ukichochea makaa jikoni. Twauchagua bila kusita.

Taabu huanza kwa mthamini. Pwani yetu ilizijua bidhaa za China zamani sana. Makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa vyombo vya kaure, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Ming. Lakini tulichorithi ni majina ya bidhaa, kaure na hariri, wala si maneno ya kuzikagulia.

Upepeo wa duara, ambao hariri yake huwambwa kama ngoma, ulitumika China tangu enzi ya Han. Ule wa kukunja uliingia kutoka Japani, ukaenea sana enzi ya Ming (1368–1644). Basi twapendekeza upepeo wa kuwamba na upepeo wa kukunja. Picha nyingi za ule wa kwanza zilibanduliwa mpinini zikatiwa katika albamu, kwa hiyo mthamini huenda asiuone mpini kabisa.

Kadhalika, mchoraji wa Kichina aliiga kazi ya bingwa, pengine pamoja na sahihi na mihuri yake, kwa kujifunza na kumstahi. Hiyo ni nakala. Aliyeiga ili auze kwa hila ametengeneza kitu bandia. Sokoni vyote viwili huitwa feki, na mwenye nakala nzuri ya miaka mia mbili hupunjwa kwa neno hilo moja.

Zaidi ya hayo, cha kale si kikuukuu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliufanya mwaka 1863 kuwa mpaka. Ukuukuu hauna mwaka, nao hughushiwa kwa kuichovya hariri mpya katika maji ya chai. Hati ya thamani isemayo "kikuukuu" penye "cha kale" yamtia mwenye mali hasarani.

Nyufa nyembamba za hariri iliyochakaa bado twaziita nyufa tu. Fundi wa nguo mwenye jina bora na atuandikie.