Degedege, Kifafa, au Mtukutiko?

Mama akishuka kwenye bodaboda kutoka kijiji cha Kakuyuni, mtoto kamfunga kwa leso, huenda asitaje degedege kabisa. Husema tu, "Daktari, ni nyuni." Nyuni ni ndege, na ndege huyohuyo yumo ndani ya degedege: dege, ndege mkubwa, ambaye wazee walisema akipita juu ya nyumba usiku kivuli chake humwangukia mtoto. Macho yanapinduka, meno yanaumana, viungo vinakakamaa. Mgonjwa akiwa mtu mzima, jina hubadilika: Waswahili husema kifafa, Wagiriama vitsala, na hapo ndipo posa huvunjika na majirani huanza kunong'ona.

Ikaja korona. Tanzania waliitungia jina, UVIKO-19, yaani Ugonjwa wa Virusi vya Korona. Kwetu Malindi imebaki korona tu. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020, na Aprili 8 Kilifi, kaunti yetu, ikafungwa, haingiliki wala haitokeki. Habari zote zilikuwa za mapafu. Lakini wapo wagonjwa wachache ambao ugonjwa huu huwapanda kichwani, wakapatwa na... hapo kalamu hukwama. Wakapatwa na nini?

Kwa mtoto mwenye homa kali, degedege latosha. Mtu mzima ana mkasa mwingine: oksijeni imepungua kwenye damu, au sodiamu imeshuka, au mshipa wa kichwani umeziba, na seli za ubongo zikaanza kurusha umeme ovyo. Ukimwambia mkewe kwamba korona imempa mumewe kifafa, umempotosha. Kifafa ni maradhi: umeme huo hurudi tena na tena hata mtu akiwa mzima, hana homa wala shida nyingine ya papo hapo. Cha mgonjwa wa korona ni tukio, na huenda lisirudi maisha yake yote. Kulipa tukio jina la maradhi ni kumtwika mtu mzigo usio wake.

Kwa tukio hilo, kamusi zinatupa mtukutiko, kutoka tukutika, kutetemeka. Neno zuri, la kwetu, halina ndege wa degedege wala kufa kwa kifafa ndani yake. Kasoro yake ni kwamba mwili si lazima utetemeke. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa mwaka 1989 kando ya hospitali ya Kilifi, kiliwapima umeme wa ubongo watoto waliozimia kwa malaria. Baadhi yao walikuwa wametulia kitandani, huku ubongo unawaka. Dalili za nje zilikuwa ndogo mno: jicho kuchezacheza, udenda kumtoka, pumzi kwenda mrama.

Kwa hiyo naliongeza neno moja: mtukutiko wa ubongo. Kinachotukutika ni ubongo; mkono na mguu hufuata, au hukaa kimya. Degedege libaki kwa mtoto mwenye homa, na kifafa kwa maradhi yenyewe.

Tukio hili likikukuta nyumbani, mlaze mgonjwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize, na tazama saa. Dakika 5 zikipita hajatulia, mkimbize hospitali. Ukifika, sema nyuni ukipenda, ila mweleze daktari macho yalifanya nini, na kwa muda gani.