Uondoaji Vitambulishi

Mtafiti anayetaka kujua dawa fulani ya shinikizo la damu inawadhuru watu gani, au mafua yameanza kupamba moto wapi, hahitaji jina la mgonjwa hata mmoja. Anahitaji maelfu ya mafaili ya hospitali na, siku hizi, maandishi ambayo watu huyaweka wenyewe mitandaoni: nani anakohoa, nani kaacha vidonge kwa sababu vinamtapisha. Kabla hayajamfikia, maandishi hayo hupitia kazi ambayo Kiingereza huiita de-identification. Wengi wetu husema "kuficha majina". Napendekeza tuseme uondoaji vitambulishi, kwa sababu jina ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo.

Katikati ya miaka ya 1990, tume ya bima ya afya ya watumishi wa jimbo la Massachusetts, Marekani, iliwapa watafiti kumbukumbu za matibabu zilizofutwa majina na anwani. Gavana William Weld aliwahakikishia wananchi kwamba siri zao ziko salama. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20 akalilinganisha na kumbukumbu zile. Waliozaliwa tarehe moja na gavana walikuwa 6. Wanaume kati yao, 3. Na katika eneo lake la posta alikuwa yeye peke yake. Matibabu yake yakawa wazi. Baadaye Sweeney alikadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta vinatosha kuwabainisha takriban asilimia 87 ya wakazi wa Marekani, mmoja mmoja.

Tarehe ya kuzaliwa, basi, ni kitambulishi. Neno limeundwa kama kiwakilishi na kibainishi, maneno ambayo tuliyazoea tangu vitabu vya sarufi, na halichanganyiki na kitambulisho, ambacho kwetu ni kadi. Kanuni za HIPAA, sheria ya Marekani inayolinda taarifa za afya, zinataja vitambulishi vya aina 18, vikiwamo namba ya simu, namba ya faili na picha ya uso. Tarehe hubakizwa mwaka tu, na wote waliopita umri wa miaka 89 hutiwa katika kundi moja la 90 na zaidi, maana wazee wa umri huo ni wachache na hujulikana upesi.

Kwenye jedwali orodha hiyo inafaa. Ugumu uko kwenye maelezo ya kawaida. Chukua sentensi hii ya kubuni: "Mwalimu mkuu, mama wa mapacha, aliteleza kivukoni siku Mwenge wa Uhuru ulipopita." Haina jina wala tarehe, na bado kijiji kizima kinamjua. Mitandaoni ni vivyo hivyo: ukinukuu chapisho neno kwa neno na kufuta jina, mtu akiitafuta sentensi hiyo kwenye intaneti atamfikia mwandishi wake. Hapo sentensi nzima ni kitambulishi, na mtafiti mwangalifu huieleza upya kwa maneno yake.

Kiswahili kina ugumu wake, na huu ndio unaonishughulisha zaidi. Programu nyingi za kufuta majina zilifunzwa kwa Kiingereza. Kwetu Neema, Baraka, Subira na Shida ni watu, na pia ni maneno ya kila siku. "Shida amekuja na shida ya kupumua": programu inayofuata orodha ya majina itafuta yote mawili, na mtafiti atapoteza dalili aliyoitafuta; programu isiyo na orodha itayaacha yote, na mgonjwa ataanikwa. Kuna pia Mama Neema, ambaye jina la mwanawe linamtaja yeye, na mtaani ndilo linalojulikana kuliko la kwake.

Sarufi inatusaidia kiasi. Shida anayekuja huchukua a-, shida inayokuja huchukua i-, na programu inaweza kufunzwa kuutazama upatanisho huo. Lakini mhudumu wa afya mwenye foleni mlangoni huandika kwa mkato, "Shida, 34, homa siku tatu", na kitenzi hakipo. Kwa maandishi ya namna hiyo, lazima watu wanaokijua Kiswahili wakae na mafaili halisi, chini ya kiapo cha siri, watie alama jina kwa jina hadi programu ipate mifano ya kutosha.