Kutunza data nyumbani: kutoka kaseti hadi diski zinazolindana

Kila muhula chuoni hakukosi mwanafunzi anayezunguka akiuliza ni fundi gani anaweza kufufua diski. Humo ndani kuna sura tatu za tasnifu, picha za uwandani na rekodi za mahojiano ambazo hazina nakala nyingine popote. Tumezoea kusema huo ni uzembe wake. Lakini ukifuatilia historia, utaona tatizo hili lina umri sawa na kompyuta ya nyumbani yenyewe, na limewasumbua watu makini kweli kweli.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mashine iliyoitwa 305 RAMAC, iliyobuniwa San Jose, California. Kitengo chake cha diski kilikuwa na sahani 50 zinazozunguka, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 61 hivi. Kilikuwa na uzito wa karibu tani moja na kilibeba herufi milioni 5. Yaani leo hii picha moja tu ya simu inaweza isienee humo. Mashine nzima ilikodishwa kwa makampuni kwa takriban dola 3,200 kwa mwezi. Diski ilikuwa mali ya taasisi, yenye chumba chake na mafundi wake. Ikiharibika, kulikuwa na mtu wa kuitwa.

Kompyuta zilipoingia sebuleni, mtu huyo hakuja nazo. Mfano mzuri ni ZX81, kompyuta ndogo ya kampuni ya Sinclair ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1981. Iliyokwisha kuunganishwa iliuzwa pauni 69.95, na anayetaka kuunganisha mwenyewe alilipa pauni 49.95. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 1 tu na haikuwa na diski yoyote. Ukitaka kuhifadhi programu uliyoiandika, ulichukua redio kaseti ya kawaida, ukachomeka waya, ukabonyeza kitufe cha kurekodi.

Utendaji wake ni rahisi kuuelewa. Kompyuta iligeuza sifuri na moja kuwa milio, kaseti ikairekodi kama inavyorekodi muziki. Wakati wa kusoma, kompyuta iliisikiliza ile milio na kuirudisha kuwa sifuri na moja. Shida ni kwamba sikio la binadamu linasamehe, la kompyuta halisamehi. Sauti ikiwa ndogo, haisikii. Ikiwa kubwa mno, mawimbi yanapotoka. Kichwa cha redio kikiwa kimekaa upande kidogo, kanda iliyorekodiwa kwa jirani haisomeki kwako. Wamiliki wa wakati huo wanakumbuka kusubiri dakika kadhaa, kisha kuanza upya baada ya kusogeza kitufe cha sauti kidogo tu.

Kulikuwa na balaa jingine. Kwa kuwa kilobaiti 1 haikutosha kitu, wengi walinunua kijaluba cha kilobaiti 16 kilichochomekwa nyuma ya ZX81. Hakikushika vizuri. Ukibonyeza vitufe kwa nguvu, kijaluba kilitikisika, mguso ukakatika, na kazi yote ya jioni ikafutika. Watu walikibana kwa gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani. Wengi wao hawakuwa wahandisi, ila walishajua jambo la msingi: mashine ya bei nafuu inakupa uwezo, na inakukabidhi na hatari yake.

Wakati huohuo diski nazo zilikuwa zinapungua umbo. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa ST-506, diski ya upana wa inchi 5.25 yenye megabaiti 5. Ujazo ni ule ule wa jitu la mwaka 1956 kwa kukadiria, lakini sasa unaubeba mkononi. Bei yake ilikuwa kama dola 1,500, bado kubwa kwa familia. Miaka mitatu baadaye IBM ilitoa PC XT ikiwa na diski ya megabaiti 10 ndani. Kuanzia hapo diski ndogo zilitengenezwa kwa wingi na bei ikaendelea kushuka.

Sasa hapa ndipo historia inapogeuka. Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililouliza swali la kichokozi: kwa nini tununue diski moja kubwa ya gharama, wakati tunaweza kufunga pamoja diski nyingi ndogo za kompyuta za mezani? Waliuita mpango huo RAID, kifupi chenye maana ya safu ya diski za bei nafuu zenye ziada.

Neno muhimu hapo ni ziada. Walianza kwa kukiri udhaifu wa wazo lao. Diski moja ndogo ilikadiriwa kufanya kazi saa 30,000 kwa wastani kabla ya kufa. Ukiwa na diski 100, usubiri moja ife kila baada ya saa 300. Hizo ni chini ya wiki mbili! Bila kinga, safu hiyo haifai kitu.

Kinga yenyewe ni hesabu ya darasa la msingi. Chukua diski tatu. Ya kwanza imeandikwa 1, ya pili 0. Kwenye ya tatu andika tarakimu itakayofanya idadi ya moja zote iwe shufwa. Hapa ni 1. Sasa diski ya pili ikifa, angalia zilizobaki: 1 na 1. Tayari idadi ni shufwa, kwa hiyo iliyopotea ilikuwa 0. Fanya hivyo kwa mabilioni ya tarakimu na umeirudisha diski nzima.

Wazo hilo lilianzia kwenye vyumba vya kompyuta kubwa, kisha likarudi nyumbani ndani ya visanduku vidogo vinavyounganishwa na mtandao wa ndani. Mwaka 2012 ikaja pia Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyouzwa dola 35, na wengi wakaigeuza kuwa ghala la faili. Walioitumia mahali ambapo umeme hukatika ghafla walijifunza haraka: memori kadi ikikatizwa katikati ya kuandika, faili zinaweza kuvurugika. Msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu hahitaji kuelezwa zaidi.

Wamiliki pia wamewahi kuwafichua watengenezaji. Mwaka 2020 watumiaji wa diski za Western Digital Red, zilizouzwa kwa ajili ya visanduku hivyo, walilalamika kwamba diski mpya wanayoiweka badala ya iliyokufa inachukua muda mrefu kupita kiasi au inakataliwa na safu. Kumbe baadhi ya matoleo yalitumia mbinu ambayo njia za data hupandiana kama mabati kwenye paa. Kubadilisha njia moja kunalazimu kuandika upya za jirani, hivyo kazi nzito hupunguza kasi. Kampuni haikuwa imelitaja hilo wazi. Baada ya malalamiko ilikiri, kisha ikatenganisha majina ya bidhaa zake.

Historia hii inatuachia somo moja ambalo kisanduku chochote cha kununua hakiwezi kulifuta. RAID hukulinda dhidi ya diski kufa. Haikulindi dhidi ya mwizi, moto, virusi, au wewe mwenyewe kufuta folda isiyo yake, maana kosa linaandikwa kwenye diski zote kwa uaminifu ule ule. Ndiyo maana wazoefu hushauri nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa mwanafunzi hiyo ni laptop, flashi na akaunti ya mtandaoni. Kisha jaribu kuifungua kila nakala kabla hujaihitaji, maana hata mwenye kaseti alijua kwamba kurekodi si sawa na kusomeka.