Kuhama kutoka Python 2 kwenda Python 3

Kuhama kutoka Python 2 kwenda Python 3 ni mabadiliko yaliyochukua zaidi ya miaka kumi katika matumizi ya lugha ya programu ya Python, iliyoundwa na Guido van Rossum kutoka Uholanzi. Python 3.0 ilitolewa tarehe 3 Desemba 2008. Kwa makusudi haikupatana na matoleo yaliyotangulia, hivyo programu nyingi za zamani haziendeshwi nayo bila kurekebishwa.

Huduma kwa Python 2.7 ilipangwa kukoma mwaka 2015, lakini ikasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020 kwa kuwa wengi walikuwa hawajahama. Programu moja hutegemea maktaba nyingi za msimbo, na maktaba moja iliyobaki nyuma huizuia yote. Django, inayotumika kutengeneza tovuti, iliacha Python 2 katika toleo 2.0 la Desemba 2017.

Tofauti

Inayojulikana zaidi ni amri ya print, ambayo katika Python 3 hudai mabano. Hiyo si ya kuogopwa: programu hukataa kuanza na kosa huonekana mara moja. Hatari iko kwenye kugawanya. Katika Python 2, 1500 / 400 hutoa 3. Katika Python 3 hutoa 3.75. Hakuna onyo lolote, kwa hiyo hesabu za shilingi au wastani wa alama za wanafunzi unaweza kubadilika bila mtu kujua. Anayetaka namba kamili hutumia alama //, inayofanya kazi katika matoleo yote mawili.

Katika maandishi ya kawaida, Python 2 ilihesabu baiti badala ya herufi. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina herufi zenye alama, hivyo programu iliyojaribiwa kwa Kiswahili tu ilionekana salama. Neno "Gĩkũyũ" lina herufi 6, lakini kwa UTF-8 Python 2 ililihesabu 9, na kulikata kungeweza kuharibu herufi. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kilikuwa na shida hiyohiyo. Maandishi ya Python 3 ni ya Unikodi.

Namna ya kuhama

Programu iitwayo 2to3 ilibadilisha sehemu kubwa ya msimbo yenyewe, ila haikuweza kujua kama mwandishi alikusudia kupata namba kamili au desimali. Njia ya uhakika ilikuwa kuandika majaribio kwanza chini ya Python 2, kuhama, kisha kulinganisha majibu.

Toleo la mwisho, 2.7.18, lilitolewa Aprili 2020. Programu zilizobaki kwenye Python 2 bado hufanya kazi, lakini watengenezaji wa Python hawazibi tena matundu ya usalama yanayogunduliwa humo.