Wana Saba wa Gotha: Vijinchi vya Ujerumani na Walichokiacha

Mwaka 1859 Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alifunga mkataba wa urafiki na biashara na Lübeck, Bremen na Hamburg. Hakuwa akitia saini na nchi iitwayo Ujerumani, kwa kuwa haikuwapo. Kila mmoja wa miji hiyo mitatu ulikuwa dola lenye serikali yake, sheria zake na bendera yake. Wamisionari Krapf na Rebmann, waliokuwa wamefika Mombasa na Rabai katika miaka ya 1840, walitoka katika ufalme wa Württemberg. Dola moja la Ujerumani lilizaliwa mwaka 1871, na miaka 14 tu baadaye likaanza kudai ardhi ya Afrika Mashariki.

Kabla ya hapo palikuwa na utitiri wa tawala. Baada ya Mkataba wa Westfalia wa mwaka 1648, Dola Takatifu la Roma, lililozikusanya nchi za Kijerumani chini ya Kaisari mmoja, lilikuwa na takriban himaya 300: falme, maaskofu wenye nchi zao, abasia, miji huru na nyumba za kikabaila. Chini yao walikuwapo makabaila wadogo mamia kadhaa, wengine wakiwa na vijiji viwili vitatu tu, ambao hawakumtambua bwana mwingine isipokuwa Kaisari mwenyewe. Wanahistoria wengi wa karne ya 19, waliolitukuza taifa moja lenye nguvu, waliieleza hali hiyo kama aibu na kichekesho. Lakini kichekesho hakidumu karne nyingi. Ziko sababu zilizoviweka hai vijinchi hivyo, na mbili kati yake ni nzito.

Ya kwanza ni mirathi. Katika nyumba nyingi za watawala, nchi iligawanywa kama shamba la marehemu. Ernst wa Gotha, aliyepewa lakabu ya Mcha Mungu, alifariki mwaka 1675 akaacha watoto wa kiume saba. Walijaribu kutawala pamoja, ikashindikana. Mwaka 1680 nchi ikakatwa vipande saba: Gotha, Coburg, Meiningen, Römhild, Eisenberg, Hildburghausen na Saalfeld. Kila ndugu alitaka kasri, wapiga muziki na walinzi wake. Christian wa Eisenberg alizama katika madeni na majaribio ya kutengeneza dhahabu. Watatu kati ya ndugu hao walifariki bila kuacha mtoto wa kiume, na ugomvi wa nani arithi vipande vyao ukaendelea hadi mwaka 1735.

Ugomvi huo ulipiganwa zaidi kwa karatasi kuliko kwa mizinga, na hapo ndipo ilipo sababu ya pili: sheria ya Dola. Tangu mwaka 1495 palikuwa na Mahakama Kuu ya Dola, ambayo baadaye ilihamia mji mdogo wa Wetzlar, na palikuwa na baraza jingine la hukumu huko Vienna. Kuanzia mwaka 1663 wajumbe wa tawala zote walikutana Regensburg katika bunge lisilovunjwa. Kesi zilisuasua, nyingine miongo mizima. Hata hivyo mtawala mdogo alikuwa na mahali pa kumshtaki jirani mkubwa, na wapo wakulima waliomfikisha bwana wao mbele ya majaji hao. Mnyonge alisalimika kwa hati na mhuri.

Mfano mzuri wa kijinchi kilichosalimika hivyo ni Reuss, mashariki mwa Thuringia, eneo la katikati ya Ujerumani. Katika ukoo huu kila mtoto wa kiume aliitwa Heinrich, na wote walihesabiwa, awe mtawala au asiwe. Tawi la wakubwa lilihesabu hadi mia moja ndipo lianze upya. Tawi la wadogo lilianza hesabu mpya kila karne. Ndiyo maana mtawala aliyejiuzulu huko Ebersdorf katika mapinduzi ya mwaka 1848 alikuwa Heinrich wa 72. Nchi ya tawi la wakubwa, yenye makao yake Greiz, ilikuwa na kilomita za mraba 316, haifikii nusu ya kisiwa cha Pemba. Humo mlikuwa na kasri juu ya kilima, kasri jingine chini yake, la tatu la majira ya joto ndani ya bustani, na viwanda vya nguo vilivyolipia yote hayo. Katika vita vya mwaka 1866 Greiz iliegemea Austria dhidi ya Prussia, ikavamiwa na kutozwa faini. Heinrich wa 22 hakuisamehe Prussia hadi alipokufa mwaka 1902.

Raia walilipa gharama ya fahari hii. Bidhaa iliyosafiri mwendo mfupi ilitozwa ushuru mpaka baada ya mpaka, hadi Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 1834. Mabaya zaidi ni biashara ya askari. Katika vita vya uhuru wa Marekani, Uingereza ilikodi askari takriban 30,000 kutoka kwa watawala wadogo wa Kijerumani, zaidi ya nusu yao wakitoka Hessen-Kassel. Fedha ziliingia katika hazina ya mtawala. Vijana wengi hawakurudi.

Lakini mtawala asiye na jeshi la kutisha alitafuta heshima kwingine. Yule Ernst wa Gotha alilazimisha watoto wote kwenda shule mwaka 1642, wakati mataifa makubwa hayajawazia jambo hilo. Weimar ilimwita mshairi Goethe mwaka 1775, naye hakuajiriwa kuandika mashairi tu: alisimamia barabara, akajaribu kufufua mgodi wa Ilmenau, na akapunguza askari ili kuokoa fedha. Georg wa Pili wa Meiningen alijenga kundi la maigizo lililozunguka Ulaya kati ya mwaka 1874 na 1890, likabadili namna waongozaji wanavyopanga jukwaa.

Kilichovimaliza vijinchi vingi ni kuvunjika kwa ile sheria ya Dola. Ufaransa ilipotwaa ukingo wa magharibi wa mto Rhine, watawala waliopoteza ardhi huko walilipwa kwa ardhi ya wenzao. Uamuzi wa Februari 1803 ulifuta tawala 112 kwa mpigo. Watu zaidi ya milioni 3 wakapata bwana mpya bila kuulizwa. Agosti 1806 Kaisari Franz alivua taji na Dola likafa. Mwaka 1815 zilibaki takriban nchi 39. Mwaka 1866 Prussia ilimeza Hannover, Hessen-Kassel, Nassau na mji huru wa Frankfurt, na mwaka 1871 dola jipya likaundwa na wanachama 25.

Thuringia ilibaki na vijinchi vyake mpaka mwisho. Sayyida Salme, dada yake Sayyid Majid, alipokuwa mjane huko Ujerumani, aliishi kwa muda Rudolstadt, mji mkuu wa Schwarzburg-Rudolstadt, wakati nchi hiyo bado ina mtawala wake. Alipofariki Jena mwaka 1924, tawala zote hizo zilikuwa zimekwisha. Novemba 1918 watawala waliachia viti, na tarehe 1 Mei 1920 nchi saba ziliungana kuwa jimbo moja la Thuringia. Coburg peke yake ilipiga kura ikachagua Bavaria.

Makasri yakageuka makumbusho, lakini mgawanyo wa madaraka haukufa. Katika Ujerumani ya leo shule, vyuo vikuu na utamaduni ni kazi ya majimbo 16, na Hamburg na Bremen bado ni majimbo kwa haki yao wenyewe. Gotha, Meiningen, Altenburg, Rudolstadt na Greiz, miji midogo ambayo kwingineko ingekuwa na soko na ofisi ya wilaya tu, ina maktaba za kale, majumba ya maigizo au hazina za sanaa. Berlin haikuyajenga hayo. Yalijengwa na ndugu waliogombea urithi, kwa kodi ya wakulima na wafumaji, na sasa yanatunzwa kwa kodi ya vitukuu vyao.