Nani mpigaji hodari kuliko wote? Waulize kwanza sheria za ulingo

MASHABIKI wa michezo ya mapigano wana ubishi mmoja usiokwisha. Wa ndondi humtaja Sugar Ray Robinson au Muhammad Ali. Wa Muay Thai humtaja Samart Payakaroon. Wapenzi wa ndondi za mateke hawataki kusikia jina jingine ila Ernesto Hoost, nao vijana waliokulia katika enzi ya mapigano mseto ya UFC huapa kwa Anderson Silva na Alex Pereira. Kila upande huja na ushahidi wake, na kila upande huwacheka wengine.

Kasoro ya ubishi huu ni kwamba hupima bidhaa tofauti kwa mizani moja. Bondia ameruhusiwa silaha mbili tu, yaani ngumi zake, nazo hazipaswi kutua chini ya mshipi wala kisogoni. Mpiganaji wa Muay Thai ana silaha nane: ngumi mbili, viwiko viwili, magoti mawili na miundi miwili. Mashindano ya K-1, yaliyoanza nchini Japani mwaka wa 1993, yaliruhusu ngumi na mateke lakini yakapiga marufuku viwiko. Mapigano mseto yanakubali hayo yote, na juu yake mieleka, kukaba na kumfuata mpinzani hadi sakafuni.

Hata glavu hubadilisha mambo. Bondia wa kulipwa huvaa glavu za aunsi 8 au 10 kulingana na uzani wake, kwa hivyo anaweza kujikinga uso nyuma yake kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Katika UFC glavu ni za aunsi 4 hivi, na konde hupenya katikati ya mikono ile ile ambayo katika ndondi ingelizuia.

Lakini tofauti kubwa zaidi imo miguuni. Bondia husimama kiubavu, mguu wa mbele ukibeba uzito mwingi, ili konde lake lipate nguvu na kichwa kiwe mbali na mpinzani. Mwenzake wa Thailand humkabili mtu kifua wazi zaidi, mguu wa mbele ukiwa mwepesi, tayari kuinuliwa ili teke la chini ligonge mfupa badala ya nyama. Msimamo wa bondia ni mzuri mno hadi pale mpinzani anaporuhusiwa kulipiga paja lile.

Rick Roufus wa Marekani aliligundua hilo kwa uchungu mwaka wa 1988 mjini Las Vegas. Alikuwa bingwa wa ndondi za mateke za mtindo wa Kimarekani, ambao haukuruhusu kumpiga mtu mapajani. Alipokutana na Changpuek Kiatsongrit wa Thailand, ilikubaliwa kwamba mateke ya chini yatumike, ila viwiko na magoti yawekwe kando. Katika raundi ya kwanza Roufus alimwangusha Changpuek na kumvunja taya. Mtu yeyote aliyekuwa akihesabu makonde angesema pambano limekwisha. Changpuek, taya likiwa limevunjika, aliendelea kuupiga mguu ule ule, teke baada ya teke, mpaka Mmarekani huyo akashindwa kusimama na pambano likasimamishwa. Alitolewa kwa machela.

Ali mwenyewe hakunusurika. Juni 26, 1976, akiwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu, alipigana na mwanamieleka Antonio Inoki jijini Tokyo kwa sheria zilizoundwa mahususi kwa siku hiyo. Inoki alijilaza chali kwa sehemu kubwa ya raundi 15 na kumpiga Ali miguuni. Ali alirusha makonde ya kuhesabika kwa vidole, watazamaji wakazomea, na matokeo yakawa sare. Watu wengi hulikumbuka pambano hilo kama kichekesho, lakini miguu ya Ali ilivimba na kuganda damu hata akahitaji matibabu. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba Inoki alikuwa mpigaji bora kuliko Ali. Alikuwa tu amesoma sheria vizuri zaidi.

Mambo hugeuka vile vile upande wa pili. Conor McGregor, aliyekuwa ameshikilia mataji mawili ya UFC kwa wakati mmoja, aliingia ulingo wa ndondi Agosti 26, 2017 kupambana na Floyd Mayweather. Alianza vyema, akaishiwa na pumzi, na refa akalisimamisha pambano katika raundi ya 10. Francis Ngannou wa Cameroon alifanya makubwa zaidi. Oktoba 28, 2023 jijini Riyadh, katika pambano lake la kwanza la ndondi za kulipwa, alimpeleka sakafuni Tyson Fury katika raundi ya tatu na kushindwa kwa uamuzi wa majaji waliogawanyika. Dunia ikaanza kuuliza iwapo mabingwa wa ndondi ni tembo wa karatasi. Miezi mitano haikupita kabla ya Anthony Joshua kujibu swali hilo: alimwangusha Ngannou mara tatu na kumzima katika raundi ya pili, Machi 2024.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, basi, ushahidi wa maana hutoka kwa wachache walioshinda katika pande mbili, si kwa walioalikwa usiku mmoja ili wavune fedha. Thailand ina wengi wa aina hiyo. Saensak Muangsurin alitoka Muay Thai na kunyakua taji la dunia la WBC mwaka wa 1975 katika pambano lake la tatu tu la ndondi za kulipwa. Samart Payakaroon alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa uwanja wa Lumpinee, Bangkok, katika uzani wa aina nne alipoamua kuingia ndondi. Januari 1986 alimwangusha Lupe Pintor wa Mexico na kuwa bingwa wa dunia wa WBC katika uzani wa super bantam. Mwaka uliofuata alichapwa na Jeff Fenech nchini Australia, akarudi kwenye Muay Thai, na mwaka wa 1988 akatajwa tena kuwa mpiganaji bora wa mwaka nchini mwake.

Anayemtazama Samart katika filamu za zamani haoni hasira wala nguvu za kutisha. Huona mtu anayeegemea nyuma kidogo, teke la mpinzani likipita mbele ya kidevu chake, kisha anarudi na mguu wa mbele kumsukuma tumboni mtu yule kabla hajapata mizani yake. Ningelazimishwa kutaja jina moja, ningelitaja lake. (Wapinzani wa hoja hii watasema Fenech alimzima. Ni kweli, na sina la kuwajibu.)

Miongoni mwa wanawake, Holly Holm, bingwa wa zamani wa ndondi, alipata sifa tele Novemba 2015 mjini Melbourne alipomzima Ronda Rousey kwa teke la kichwani. Hata hivyo Lucia Rijker wa Uholanzi anastahili kutajwa kabla yake: hakuwahi kushindwa na mwanamke katika ndondi za mateke, na alistaafu ndondi akiwa ameshinda mapambano yake yote 17.

Ama Pereira, Mbrazil huyo ana hoja nzito. Alimshinda Israel Adesanya mara mbili katika ndondi za mateke, mwaka wa 2016 na 2017, kisha akamfuata hadi UFC na kumpokonya taji Novemba 2022. Adesanya alilipiza kisasi Aprili 2023. Mahasimu hao wamekutana chini ya sheria mbili tofauti, na ni wachache mno wanaoweza kudai hivyo. Mkono wa kushoto wa Pereira unatisha kokote uendako, lakini mbele ya mwanamieleka stadi yeye bado ni mtu anayeomba pambano lisifike sakafuni.

Wengine hutaka kumaliza ubishi kwa kuhesabu KO. Kwa hesabu hiyo George Foreman angeshinda bila jasho: alifika Kinshasa Oktoba 1974 akiwa hajashindwa katika mapambano 40, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kwa KO. Ali alimwacha ajichoshe, akamwangusha katika raundi ya nane.

Kenya ilipata kuwa na mifano miwili ya mitazamo hii. Philip Waruinge alirudi kutoka Olimpiki ya Mexico 1968 na nishani ya shaba tu, lakini tuzo ya Val Barker, inayopewa bondia mwenye ustadi bora kuliko wote katika Michezo hiyo, ilikuwa yake. Waliomshinda waliangaliwa na kuwekwa kando. Robert Wangila alikuwa mtu wa namna nyingine. Konde lake zito lilimzima Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali ya Seoul 1988, na hadi kukamilika kwa Olimpiki ya Paris 2024 hakuna Mkenya mwingine aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Michezo hiyo nje ya riadha.

Wangila aligeukia ndondi za kulipwa nchini Marekani, ambako mtu mwenye ngumi nzito hukutana na wengine kama yeye kila baada ya miezi michache. Julai 1994, mjini Las Vegas, refa alilisimamisha pambano lake dhidi ya David Gonzales katika raundi ya tisa. Wangila aliupinga uamuzi huo akitaka kuendelea kupigana. Alizirai baada ya kutoka ulingoni, akafariki akiwa na umri wa miaka 26.