Nani anachaguliwa kuzima moto? Historia ya jaribio la wazimamoto

Kila mara moto unapopita katika nyumba za mbao za Goma au Bukavu, watu wanapiga simu redioni na swali ni lilelile: wazimamoto wako wapi? Lakini kijana mmoja, ambaye familia yake ilikimbia vita na kulala muda mrefu chini ya turubai, aliniuliza jambo tofauti. «Kaka, mtu anafanya nini ili awe pompiye? Wanampima nini?»

Swali lake lina historia ndefu. Nimeifuata kwa sababu inatuhusu sisi ambao moto ukitokea, wazimamoto wa kwanza ni majirani wenye bidoni za maji.

Tuanzie Roma ya zamani. Mji ule ulikuwa na nyumba za ghorofa zilizobanana, mbao nyingi, na mafiga ya moto ndani ya vyumba. Kwa muda mrefu kuzima moto ilikuwa kazi ya watumwa, na tajiri mwenye watumwa wengi alipata sifa kwa kuwatuma kuokoa nyumba za watu. Mwaka wa 6 baada ya Kristo, baada ya moto mkubwa, mtawala Augusto aliunda vikosi 7. Mji ulikuwa na mitaa 14, basi kila kikosi kilipewa mitaa 2 ya kulinda. Usiku walizunguka na ndoo, mashoka na pampu ndogo, wakizima moto na kukamata wezi pia.

Ni nani waliochaguliwa? Watumwa waliokuwa wameachwa huru. Kazi ilikuwa ya hatari na raia wenye heshima hawakuipigania. Mwaka wa 24 sheria ilitoa zawadi: aliyetumika miaka 6 alipata haki kamili za raia. Baadaye miaka hiyo ilipunguzwa hadi 3. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi hii ilikuwa mlango wa watu wadogo kuingia katika heshima ya mji.

Tukiruka karne nyingi tunafika Paris, tarehe 1 Julai 1810. Balozi wa Austria alifanya karamu ya kusherehekea ndoa ya Napoleon na Marie-Louise. Ukumbi wa kucheza ulikuwa wa muda, umejengwa kwa mbao na kupambwa kwa vitambaa. Mshumaa ukagusa pazia. Kwa dakika chache ukumbi wote ukawaka, na Napoleon mwenyewe alikuwa ndani. Wazimamoto walikuwepo, lakini wachache na bila mpango, na mkubwa wao hakuwa hata mjini. Watu wakafa, akiwemo mke wa ndugu wa balozi.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Septemba 1811, Napoleon alitia sahihi amri ya kuunda batalioni ya wanajeshi kwa kazi hiyo. Mpaka leo wazimamoto wa Paris ni wanajeshi. Marseille ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1938 duka kubwa liliungua na watu 73 wakafa. Mwaka 1939 kazi ya kuzima moto mjini humo ikapewa askari wa majini, na wako huko hadi sasa.

Angalia vizuri mfuatano huo. Moto kwanza, kisha maiti, kisha amri ya kuchagua watu. Mara nyingi miji imechagua wazimamoto wake baada ya kuungua.

Mtu mmoja alijaribu kugeuza mfuatano huo. Mwaka 1824 mji wa Edinburgh, kule Scotland, ulimpa kijana James Braidwood uongozi wa wazimamoto wake. Alikuwa na miaka 24 tu. Hakutafuta watu wenye misuli mikubwa peke yake. Alichagua vijana wa miaka 17 hadi 25 waliokuwa tayari na ufundi mikononi: waezekaji wa paa, maseremala, waashi, mafundi bomba na wahunzi. Muezekaji amezoea kutembea juu ya paa bila kizunguzungu. Seremala anajua sakafu inavyolia kabla haijaanguka. Mwashi anajua ukuta unaotaka kuporomoka. Mhunzi anaweza kutengeneza pampu ikiharibika. Kisha akawafanyisha mazoezi alfajiri, wakati barabara bado ni tupu na giza halijaisha, kwa sababu moto hauchagui saa.

Mwaka 1833 Braidwood aliitwa kuongoza wazimamoto wa London. Tarehe 22 Juni 1861, katika moto mkubwa wa maghala karibu na mto Thames, ukuta ulimwangukia na kumuua. Aliyempokea, Eyre Massey Shaw, alipendelea mabaharia, kwa sababu wamezoea kupanda juu, kutii amri na kuamka usiku wa manane. Wote wawili walijiuliza jambo moja: kazi yenyewe inataka nini?

Paris nao walipata jibu lao mwishoni mwa karne ya 19. Ni ubao uliowekwa mita 2.40 juu ya ardhi. Mzimamoto aliyevaa nguo zake za kazi anaushika kwa mikono na kujivuta mpaka asimame juu yake, bila mtu kumsukuma. Sababu yake ni rahisi: ngazi ya nyumba ikiungua na sakafu ikaanguka chini yako, unabaki unaning'inia. Ukiweza kujivuta, utaishi. Ubao huo bado unatumika hadi leo.

Lakini jaribio linaweza pia kuwa ukuta wa kuwafungia watu nje. Mjini New York, hadi mwaka 1977 wanawake hawakuruhusiwa hata kuandika jina lao katika mtihani wa wazimamoto. Mlango ulipofunguliwa mwaka huo, likawekwa jaribio la mwili ambalo hakuna mwanamke hata mmoja aliyelipita. Mmoja wao, Brenda Berkman, alikwenda mahakamani. Mwaka 1982 jaji aliamua kwamba jaribio lile halikupima kazi ya kweli ya kuzima moto. Likatengenezwa lingine, na mwaka huohuo wanawake karibu 40 wakaingia kazini. Mama zetu wanaobeba bidoni ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni wataelewa kesi hiyo bila kuelezewa zaidi.

Katika miaka ya 1990 Wamarekani na Wakanada waliketi na kuandaa jaribio jipya linalotumiwa sasa na vikosi vingi vya huko. Lina vituo 8 vya kupita kwa dakika 10 na sekunde 20. Unavaa koti lenye uzito wa kilo karibu 23. Unapanda ngazi kwa dakika 3, na hapo unaongezewa kilo 11 nyingine mabegani. Kisha unavuta mpira wa maji, unabeba vyombo, unasimamisha ngazi, unapiga kwa nyundo kama anayevunja mlango, unatambaa gizani katika njia nyembamba, unakokota sanamu ya mtu ya kilo 75, na mwisho unatoboa dari kwa mti mrefu. Kila kituo kimetoka katika kazi. Tena sheria za jaribio hilo zinataka mgombea apewe muda wa kujifunza na kujizoeza kabla ya siku yenyewe, asifike kama kipofu.

Kuna jambo moja ambalo majaribio hayo hayapimi, nalo ni kuaminiwa. Wazee wa Kenya, Uganda na Tanganyika wa wakati wa ukoloni walipolisikia neno «wazimamoto», wengi hawakufikiri msaada. Uvumi ulisema kwamba watu hao wenye gari jekundu wanakamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu. Kwetu Katanga uvumi wa aina hiyo uliwahusu «batumbula», waliosemwa kuwinda watu gizani kwa ajili ya wazungu. Tusiwacheke wazee. Kikosi kilikuwa cha mkoloni, kilichaguliwa na mkoloni, na kililinda kwanza mali ya mkoloni. Mtu asiyejulikana mtaani hata akija na maji anaweza kukimbiwa.

Na sisi? Tarehe 21 Januari 2002, siku chache baada ya volkano Nyiragongo kumwaga moto ndani ya Goma, kituo cha mafuta kililipuka mjini wakati watu walikuwa wanachota esansi. Makumi walikufa. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika territoire ya Uvira, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikuja na bidoni na mabeseni. Wengine walikuwa karibu wakiangalia mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipowaka uliua watu zaidi ya 230. Pale Sange kazi ya kwanza ya mzimamoto haikuwa kumwaga maji. Ilikuwa kusimama mbele ya watu na kusema: rudini nyuma, msiwashe kitu. Watu kumi wanaoaminiwa, waliofundishwa jambo hilo moja, wangeweza kupunguza vilio vya siku ile.

Ndiyo maana nilimjibu yule kijana hivi. Usingoje tangazo la kazi ndipo uanze kukimbia. Kimbia sasa, asubuhi, mara tatu au nne kwa wiki. Panda kilima na bidoni, kwanza nusu, kisha imejaa. Jivute kwenye mti mpaka kidevu kipite tawi. Jizoeze kutambaa ukiwa umefunga macho, mkono mmoja ukifuata ukuta, maana ndani ya moshi huoni kitu na hewa nzuri iko chini. Jifunze huduma ya kwanza pamoja na wajitolea wa Msalaba Mwekundu kama wako karibu nawe. Shika ufundi: useremala, uashi, umeme. Usiache kusoma na hesabu, kwa sababu pampu ina vipimo na ripoti inaandikwa. Na umsaidie jirani, ili siku ukipiga kelele «tokeni!» watu watoke.

Alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: «Na kama hakuna kikosi cha kunipima?»

Swali hilo nalipeleka kwa mashefu wa kata, kwa viongozi wa kambi na kwa wakubwa wa miji yetu. Kuchagua vijana ishirini katika kata, wanawake na wanaume, hakuhitaji gari jekundu. Kunahitaji orodha, firimbi, ndoo za mchanga, ngazi mbili, njia iliyoachwa wazi kati ya vibanda, na mazoezi ya kila wiki kama yale ya Braidwood alfajiri. Msimu wa kiangazi unakuja, mbao zitakauka, na mbabula za makala zitawashwa kila jioni mlangoni. Yule kijana, yeye, ameshaanza kupanda kilima na bidoni yake.